Mwalimu wa Dakika Kumi na Tano

Mtu anayeweza kukaa dakika kumi na tano mbele ya simu isiyojibiwa, bila kukuna pua, bila kuangalia nje, mimi nilimwona si mtu wa kuamini. Sisi wengine tukipiga simu na haikamatwi, tunatukana réseau, huu mtandao wa simu, tunapiga tena, halafu tunaenda kuchota maji. Yeye alipiga mara moja, akaweka simu katikati ya meza, saa ya mkono pembeni yake, mikono juu ya magoti, na kungoja yule mtu ampigie. Dakika kumi na tano zikiisha alisimama, akageuza kikaratasi ukutani, akakaa tena. Niliyaona hayo karibu miaka miwili kupitia dirisha lake, na ufagio mkononi ili nionekane nina kazi.

Mtaa mzima, avenue yetu, ulimwita Mwalimu tu. Alipanga chumba cha nyuma katika parcelle yetu, kiwanja chetu hapa Bunia, kile ambacho zamani mama aliwekea makaa. Alifika na mfuko mmoja, simu yenye kioo kilichopasuka, na waya wa kuchargea mrefu kupita kawaida. Alitoka upande wa Fataki, kule juu milimani, kama watu wengi waliofika mwaka ule vita ilipoanza tena. Kule alikuwa anafundisha Kiingereza shuleni. Shule ilipobaki bila paa na bila wanafunzi, akaendelea kufundisha kwa simu.

Kazi hiyo hatukuielewa. Mwalimu tuliyemjua ni mtu mwenye chaki kwenye suruali. Huyu alikuwa anafunga mlango, anavaa shati, anaongea Kiingereza na ukuta. Shati lenyewe lilikuwa moja, la rangi ya maziwa, na alilipiga pasi ya makaa kila asubuhi. Mama alimwuliza siku moja:

"Mwalimu, bale batu bako banakuona?"

"Hapana, mama. Banasikiaka sauti tu."

"Sasa pasi ni ya nini?"

"Sauti ya mutu mwenye shati ya kukunjana inasikilikaka."

Mama alicheka mpaka akaketi. Mimi nililiandika usiku huo kwenye cahier yangu kama jambo la kushukiwa. Wakati ule niliandika kila kitu. Siongei sana, hata darasani nikiitwa sauti haitoki, kwa hiyo maneno yangu yote yalikuwa yanaishia kwenye cahier.

Ukutani alikuwa amefunga kamba ya nailoni kutoka msumari mmoja mpaka mwingine. Juu yake vilining'inia vipande vya carton ya sabuni, kila kimoja kimeshikwa na kibanio cha kuanikia nguo. Hiyo ndiyo ilikuwa programme yake. Hakuandika majina ya wanafunzi, aliandika kazi zao, siku na saa. Muuguzi, Jumatatu saa tisa. Fundi wa magari, Alhamisi saa mbili asubuhi. Mama wa vitenge, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajafungua duka. Muuza samaki wa Mahagi-Port alikuwa na siku mbili, kwa sababu wanunuzi wake wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wanaongea Kiingereza haraka sana na kumwacha amesimama na samaki zake. Mtu akifundishwa, kikaratasi chake kinabaki kimeangalia chumba. Asipokamata simu, kinageuzwa kiangalie ukuta.

Mwanzoni niliona ni kazi ya mtu mvivu, kukaa na kuongea. Lakini kupanga zile saa ilikuwa kazi kupita kufundisha kwenyewe. Muuguzi alikuwa kijijini, mbele ya Fataki, na ili apate réseau alipaswa kupanda nyuma ya kituo cha afya, asimame karibu na tangi la maji, kwa hiyo siku ya mvua hakuna somo. Fundi alikuwa Mambasa na alijifunza akiwa amelala chini ya lori, na kama malori ya kutoka Kisangani yamechelewa, saa yake nayo inachelewa. Hapa kwetu umeme ulitoka kwa groupe, jenereta ya jirani, tena jioni tu. Basi kila Jumapili mchana Mwalimu alisimama mbele ya kamba, anahamisha vikaratasi, anapiga simu kuomba ruhusa. Kumwondoa fundi saa mbili kulimsukuma muuza samaki, na huyo naye alikuwa na mitumbwi yake. Nilimsikia akiomba msamaha kwa watu wanne kwa ajili ya nusu saa.

Ila saa ya mtu hakuitoa. Kuna wakati muuguzi alinyamaza wiki mbili, mvua tupu, na mama wa vitenge akaja mwenyewe mpaka mlangoni. Duka lake liko avenue ya pili, ni mtu wa kwenda Kampala na kurudi.

"Mwalimu, ile saa ya Jumatatu iko bure. Munipatie."

"Haiko bure, mama."

"Lakini mutu yake hakamatake simu."

"Iko na mwenyewe."

"Basi mwenyewe iko wapi?"

"Anachelewa."

"Wiki mbili? Huyo hachelewe, Mwalimu, huyo alihama."

Mwalimu alirudi mezani kwake. Wiki iliyofuata mvua ilikata, muuguzi akakamata simu, na Mwalimu akamgombeza dakika nzima kwa kuchelewa dakika tatu. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Asiyejibu alimngoja kwa upole, anayejibu alimgombeza.

Kila somo lilianza na swali moja: leo ni tarehe ngapi. Mwanafunzi alipaswa kutaja siku, tarehe na mwezi kwa Kiingereza, na akikosea hakuna kuendelea. "Tarehe kwanza," alikuwa anasema. Mama wa vitenge alichoka naye. Nilimsikia kwenye kipaza sauti cha simu:

"Mwalimu, Kampala hakuna mutu anaulizaka tarehe. Banaulizaka bei."

"Tarehe kwanza, mama. Bei itakuya."

Mimi mwenyewe alinikamata mara moja. Nilikuwa chini ya dirisha, ninafagia mahali nilipokwisha kufagia mara tatu, akatoa kichwa.

"Weye wa ufagio. Leo ni tarehe ngapi?"

Nilijua. Nilijua hata kwa Kiingereza, kwa sababu nilikuwa nimewasikia wote wakijibu. Nilikimbia mpaka nyuma ya choo na kusimama pale mpaka mama aliponiita.

Watu walimshuku kwa mambo mengi. Hakula mbele ya mtu. Aliogopa mbwa, hata watoto wa mbwa, na watu wa avenue walisema mwanaume wa kawaida haogopi mbwa. Alijua lugha zote mbili za kule juu, za pande zilizokuwa zinapigana, na aliziongea zote mbili kwa kicheko kilekile, na wakati ule kila mtu Bunia alikuwa anatega sikio ajue jirani yake analia kwa lugha gani. Ukimwuliza yeye ni wa upande gani anajibu, "Miye ni wa parcelle ya mama huyu." Mama jibu hilo lilimfurahisha. Baba mudogo, mdogo wake baba yangu, anayekaa nasi tangu baba afe, halikumfurahisha.

"Mutu asiyetaka kusema," alisema Baba mudogo tukiwa tunakula, "iko na kitu ya kusema."

Nilikubaliana naye, tena mimi nilikuwa na ushahidi zaidi yake. Kwanza, kulikuwa na kikaratasi cha tano. Hakikuwa na kazi ya mtu, kilikuwa na siku na saa tu: Ijumaa, saa kumi. Ijumaa saa kumi alivaa shati kama kawaida, akaweka simu sikioni, na hakusema neno. Wengine wote nilisikia sauti zao. Huyu wa Ijumaa hakuwa na sauti. Mwalimu alisikiliza, akashusha simu, akangoja dakika zake kumi na tano, halafu akavua shati. Na kikaratasi hicho hakukigeuza hata siku moja. Niliandika: Ijumaa anapokea maagizo.

Pili, kulikuwa na tarehe. Nilichora mistari miwili kwenye cahier. Upande huu, siku Mwalimu aliyogeuza kikaratasi. Upande ule, mashambulizi. Jumatatu moja amegeuza cha muuguzi na hakukuwa na mvua, na Jumatano nimeandika: wamechoma kijiji mbele ya Fataki. Alhamisi amegeuza cha fundi, na Jumamosi nimeandika: magari yamechomwa barabara ya Mambasa. Zilikuwa mara nne kabla sijaacha kuhesabu. Kila mara yeye anatangulia siku mbili. Niliangalia ukurasa ule na kuupitia tena kwa kidole, kwa sababu mtu aliyelala hatua ishirini kutoka kitanda changu alikuwa anajua mashambulizi kabla hayajafika.

Hapa niseme ukweli. Kuna mara ya tano. Aligeuza kikaratasi cha mama wa vitenge, na hakukuwa na shambulizi lolote, mama yule alikuwa ameibiwa simu sokoni. Hiyo sikuiandika. Iliharibu ukurasa wangu.

Sikumwonyesha mtu. Cahier ilikuwa chini ya godoro, na Baba mudogo aliinua godoro akitafuta sabuni aliyodhani nimeficha. Alisoma akiwa amesimama. Hakunigombeza. Alinishika kichwa akasema, "Mutoto huyu iko na akili kupita siye bote," na katika maisha yangu hakuna aliyewahi kusema hivyo, kwa hiyo nilimwacha aondoke nayo kwenda kwa chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu.

Walikuja Jumapili mchana: chef, Baba mudogo, na vijana sita wa avenue waliosimama kwenye mlango wa parcelle ili hakuna anayetoka. Mama alikuwa anaanua nguo. Mwalimu walimkuta mbele ya kamba yake, anapanga wiki. Walimtoa na kumweka kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja. Simu yake chef aliishika mkononi kama kitu cha moto.

"Tutasoma," chef alisema, "halafu njo tutajua kama tunakupeleka kwa basoda ao hapana."

Sote tulijua maana yake. Mtu anayepelekwa kwa wanajeshi na neno kama lile hapewi kiti kule, wala harudi.

Baba mudogo alifungua cahier na kuanza kusoma kwa sauti ukurasa usiohusika, ule nilioandika kwamba mwalimu wa hesabu akinikaribia ninahisi kutapika. Vijana walicheka. Mama alisema, "Soma ile ulikuya kusoma." Baba mudogo akageuza ukurasa. Akasoma Ijumaa, maagizo. Akasoma mistari miwili, tarehe kwa tarehe, mara nne. Kicheko kiliisha pole pole, na mmoja wa wale vijana, ambaye shangazi yake alikufa kwenye barabara ya Mambasa, akasogea karibu na kiti.

"Unasema nini?" chef alimwuliza Mwalimu.

Mwalimu alikuwa anaangalia cahier, si watu. Niliujua uso ule, ndio uso wake wa kusahihisha.

"Nani aliandika?"

Baba mudogo akaninyooshea kidole. Mwalimu akanigeukia, kiti kikalia juu ya mawe.

"Mutoto, ile tarehe ya upande ya pili. Ni ya siku bitu bilifanyika, ao ni ya siku ulisikia?"

Nilielewa hapo hapo. Kule juu mnara wa simu ulikuwa unakufa kwanza, halafu watu wanakufa, na habari zilikuwa zinafika Bunia baada ya siku mbili, na pikipiki za waliokimbia. Mimi niliandika siku pikipiki zilipofika. Sikuwa na tarehe hata moja ya siku kitu chenyewe kilipotokea. Yeye aligeuza kikaratasi siku ileile mtu wake aliponyamaza. Hakutangulia kitu. Sisi ndio tulichelewa.

Jibu lilikuwa maneno matatu, siku nilisikia habari. Hayakutoka. Alingoja. Mikono aliiweka juu ya magoti, na alingoja kama alivyokuwa anangoja mbele ya simu, na watu wote walingoja naye, na mimi niliangalia ndala zangu.

"Munaona," Baba mudogo alisema. "Hata mutoto anamuogopa."

Mama ndiye aliyemwokoa, kwa kitu kidogo. Alisema, "Chef, huyu mutu hajatoka mu parcelle yangu tangu wiki tatu, sababu anaogopa mbwa ya jirani. Mukimupeleka kwa basoda, munipeleke miye pia, nitabaambia ile ya mbwa." Mtu akacheka, yule kijana akarudi nyuma hatua moja, na chef akapata njia ya kumaliza bila aibu. Mwalimu atoke kwenye avenue yake siku ya Jumatano. Simu ibaki kwa chef mpaka siku hiyo ili ichunguzwe.

Alikaa siku tatu bila simu. Saa tisa ya Jumatatu niliona bado amevaa shati. Alikaa mbele ya meza tupu dakika kumi na tano, na hakugeuza kikaratasi, kwa sababu safari hii anayekosa somo alikuwa yeye. Jumatano alikunja kamba na vibanio vyake, akamshukuru mama, akaondoka akizunguka mbali na nyumba ya mbwa. Mimi nilikuwa nyuma ya choo.

Baada ya miezi miwili mwanamke alibisha kwetu, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Alikuwa ametoka kwenye kambi ya waliokimbia, na anamtafuta Mwalimu ili aombe msamaha. Alikuwa muuguzi.

"Nilikosa somo na sikumuambia," alisema. "Tulikimbia saa sita. Saa tisa nilikuwa mu pori, na simu ilibaki kwenye dirisha ya kituo, inacharge. Nilikuwa ninawaza, sasa anangoja."

Nilimwuliza ilikuwa siku gani. Nilimwuliza kwa sauti ndogo, akaniomba nirudie.

"Jumatatu. Habari ilifika huku lini?"

"Jumatano."

"Eeh. Mulisikia mbio," alisema, na hakuwa anatania.

Nilimpa maji. Halafu nikamwuliza juu ya Ijumaa, kwa sababu hiyo bado ilinikaa. Kwa kweli bado nilimshuku. Tena nilikuwa na swali jipya: kama alijua watu wananyamaza, kwa nini hakutuambia? Lakini angetuambia nini? Simu isiyokamatwa si habari. Tungecheka.

"Ijumaa ni ya binti yake," muuguzi alisema. "Hamujue? Siku ya kukimbia Fataki batu baligawanyika njia mbili. Alimupatia simu yake ile nzuri, akamwambia Ijumaa saa kumi nitakupigia, pahali yoyote utakuwa, panda kwenye mulima. Nilikuwa pale, nilisikia." Alimaliza maji. "Ile namba haiitake. Ni ile mama ya mashine tu anasemaka haipatikane. Anamusikiliza mpaka mwisho."

Usiku ule nilifungua ukurasa mpya. Nikaandika tarehe mbili kwa kila kitu, ya siku kilipotokea na ya siku niliposikia. Nimeendelea hivyo mpaka leo.

Nilikutana na Mwalimu mwaka uliofuata, upande wa pili wa mji, kwenye kibanda cha kuchargea simu. Nilipeleka ya mama. Mwenye kibanda alikuwa amezungukwa na nyaya, na nyuma yake, kati ya milango miwili ya bati, kulikuwa na kamba ya nailoni. Nilitaka kugeuka.

"Weye wa ufagio," alisema mtu aliyeketi kwenye kreti ya bia. Shati lilikuwa lilelile, na pasi imepita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Bado unaandika?"

"Ndiyo."

"Nani anasomaka?"

"Hakuna mutu."

"Baba mudogo?"

"Nafichaka mu unga."

Alitoa pumzi kwa pua, nadhani ndiyo kucheka kwake. Lakini aliangalia mfuko wangu, na nilielewa kwamba anaangalia kama cahier imo. Ana haki. Mwenye kibanda naye aliniita pembeni akaniuliza kama ninamjua vizuri huyu muzee, ni mutu wa upande gani, maana anaongea na watu wa kila mahali. Nilisema ni wa parcelle yetu. Nilisema kwa sauti iliyosikika, na Mwalimu akainamia saa yake ya mkono kama mtu asiyesikia.

Nilihesabu vikaratasi. Muuguzi yupo. Fundi yupo, kikaratasi chake kimeangalia bati. Muuza samaki, mama wa vitenge. Mwishoni mwa kamba kibanio kilishika hewa tupu.

"Ijumaa saa kumi iko bure," alisema. "Batu babili bameisha kuiomba."

Sikumwuliza kama binti alipatikana au kama yeye ameacha kungoja. Uso wake haukunisaidia, na mimi si mtu wa kuuliza. Alikata kipande cha carton kwa wembe, akaandika juu yake, akakibana bila kunionyesha.

"Mwalimu, miye sijaomba."

"Weye uko mu programme tangu siku ile ya dirisha. Unachelewa tu."

Ijumaa nilikaa jikoni na simu ya mama juu ya gunia la makaa. Saa kumi kamili ililia. Ililia mara moja, mara mbili. Nilimwona kwa mawazo, mikono juu ya magoti, dakika zinaanza. Ililia mara ya tatu. Nikakamata.

Hakunisalimu. Aliniuliza leo ni tarehe ngapi.

Nilimwambia siku, tarehe na mwezi, na mama, aliyekuwa mbali uani anaanua nguo, aligeuka kuangalia nani anaongea.